Mizigo ya Tabora: tatizo lipi linastahili mtaji wako?

KATIKA mji wowote wenye vyuo, Tabora ikiwamo, mfanyabiashara mwenye akiba kidogo hakosi kufuatwa na kijana mwenye programu ya simu. Kijana huwa na maelezo mazuri, michoro ya rangi na jina la kampuni la Kiingereza. Anachoomba ni mtaji. Anachoshindwa kueleza, mara nyingi, ni nani anaumia leo kwa kukosa kitu anachotaka kukiuza, na anaumia kwa shilingi ngapi.

Somo la juma hili linahusu shilingi hizo. Tatizo linalostahili mtaji huonekana katika madaftari ya watu kabla mvumbuzi hajafika. Tayari wanalilipia, kwa fedha, kwa muda au kwa hasara, ili walikwepe. Pale ambapo hakuna anayelipa chochote, yumkini hakuna tatizo, kuna wazo tu. Hata hivyo kipimo hicho peke yake hakitoshi, kwani yapo matatizo yanayolipa sana ambayo muungwana hapaswi kuyafanyia biashara. Hapo ndipo maadili ya mwanzilishi yanapoingia katika hesabu, na mwekezaji mdogo ana haki ya kuyapima kama anavyopima faida.

Kwa wasomaji wa mikoa ya magharibi, darasa la somo hili halipo mbali. Ni ile njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikaishia Ujiji.

Kijana wa Bagamoyo

Kutoka pwani hadi Tabora ni kiasi cha kilomita 800. Katika karne ya 19 njia hiyo haikuwa na magari, na ndorobo waliua ng'ombe na punda. Kila kitu kilikwenda kichwani au begani kwa mpagazi, ambaye mzigo wake wa kawaida ulikaribia frasila 2, yaani ratili 70 au kilo 32. Waingereza Burton na Speke walitumia siku 134 kufika Kazeh, ambayo ni Tabora, mwezi Novemba 1857.

Henry Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald aliyetumwa kumtafuta Livingstone, aliwasili Bagamoyo Februari 1871 akiwa na shehena ya takriban tani 6. Hakuwa na watu wa kuibeba. Kipindupindu kilikuwa kimepita pwani, na wapagazi wa Kinyamwezi waliadimika.

Aliyemtafutia wapagazi alikuwa kijana wa miaka kama 20. Stanley aliliandika jina lake Soor Hadji Palloo. Wanahistoria wanamtambua kuwa ndiye Sewa Haji Paroo, aliyezaliwa mwaka 1851 katika familia ya wafanyabiashara wa Kihindi kutoka Kutch. Baba yake alikuwa na duka Unguja na baadaye Bagamoyo, na Sewa aliingia katika biashara hiyo mwaka 1869 akiwa na umri wa miaka 18.

Duka la jumla pale Bagamoyo lilikuwa jambo la kawaida. Lisilokuwa la kawaida ni kukusanya wapagazi kwa mkataba. Mwenye shehena aliyekwama pwani alikuwa analipa kila siku anayokaa: posho ya walinzi, chakula, mahali pa kulala, na hofu ya masika kumkuta njiani. Mpagazi naye aliyefika pwani na msafara uliotoka bara hakutaka kurudi Unyamwezi mikono mitupu. Pande mbili zilikuwa na hasara, na kila upande ulikuwa tayari kutoa kitu ili kuipunguza. Aliyekosekana ni mtu wa katikati anayejulikana na wote wawili, awezaye kusema idadi, siku na bei. Huduma hiyo ndiyo Sewa Haji aliyoiuza. Misafara 5 ya Stanley ilitoka Bagamoyo kwa zamu, jumla ya watu 192, na wa mwisho uliondoka Machi 21, 1871. Katika miaka iliyofuata Sewa Haji akawa miongoni mwa watu wakubwa kabisa wa kutoa wapagazi kwa safari za bara.

Hakuhitaji kumshawishi Stanley kwamba ana tatizo. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na programu nyingi za simu zinazotembezwa mjini leo hazina mteja aliyewahi kukosa usingizi kwa kuzikosa.

Stanley hakumsifu kijana huyo, bali aliandika kwa hasira akimshutumu kwamba alizidisha hesabu ya vitambaa vya kuwalipa wapagazi. Msomaji basi asimfanye Sewa Haji malaika. Katika biashara yake ziliuzwa pia silaha, na silaha zilizokwenda bara zilichochea vita. Lakini kuna upande mwingine wa daftari lake. Mwaka 1892 alimkabidhi Gavana von Soden jengo la ghorofa pale Bagamoyo liwe shule, kwa sharti kwamba watoto wa rangi zote wapokelewe. Sharti la namna hiyo katika utawala wa Wajerumani halikuwa la kumpendeza bwana. Alifariki mwaka 1897, na fedha yake ilijenga hospitali ya Dar es Salaam iliyobeba jina lake. Hospitali hiyo ndiyo mwanzo wa Muhimbili, ambako jina la Sewa Haji bado lipo.

Mlinganishe na mwenyeji wa Burton na Speke pale Kazeh, Snay bin Amir. Kwa maelezo ya Burton, mtu huyu alianzia Maskati kama mtengenezaji wa vyakula vitamu, na kwa muda wa miaka kama 16 akawa mmoja wa matajiri wa pembe za ndovu na watumwa. Naye alikuwa ameona tatizo la kweli: mali iko bara, soko liko pwani. Mahesabu yake yangemridhisha mkaguzi yeyote. Ila sehemu ya bidhaa yake ilikuwa binadamu, na biashara ya aina hiyo ilihitaji bunduki na kuingilia utemi wa watu. Wafanyabiashara wa Tabora walipomwondoa Manwa Sera katika utemi wa Unyanyembe na kumweka mwingine, vita vilizuka, na Snay bin Amir aliuawa humo mwaka 1861. Mwekezaji anayedhani maadili ni mambo ya msikitini na kanisani tu asome kisa hicho kama mtu wa bima.

Shanga na mitandao

Tatizo la pili la njia hiyo lilikuwa fedha yenyewe. Pwani zilikuwapo sarafu, lakini bara msafiri alilipa kwa vitambaa, shanga na waya. Palikuwa na merikani, kitambaa cheupe kutoka Marekani, na kaniki iliyotiwa rangi ya buluu. Shanga zilikuwa na majina na rangi zake, kama samesame nyekundu, na kila nchi ilikuwa na aina inayoipenda. Shanga iliyopokewa vizuri Ugogo iliweza kukataliwa kwingine. Aliyekosea kuchagua alibebesha watu mizigo ya vitu visivyonunua hata muhogo, huku akiwalipa kuibeba. Stanley alihangaika sana Unguja akiuliza wenye uzoefu ni shanga zipi zichukuliwe na kwa kiasi gani.

Wenye mitaji mikubwa walilikwepa tatizo hili kwa mikopo. Taria Topan wa Unguja alimkopesha Tippu Tip bidhaa za kwenda bara, na deni lililipwa kwa pembe zilizorudi baada ya miaka. Mtu mdogo hakuwa na njia hiyo. Yeye alibeba shanga.

Zaidi ya miaka 130 baadaye shanga zilirudi, safari hii zikiwa ndani ya simu. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, na mitandao mingine ikafuata na huduma zake. Kwa miaka kadhaa salio la mtandao mmoja halikuhamia mwingine moja kwa moja. Mfanyabiashara wa Tabora mwenye wateja Kigoma, Kahama na Dar es Salaam alitembea na laini 2 au 3, akitoa fedha kwa wakala wa mtandao huu na kuziweka kwa wakala wa mtandao ule, akilipa ada kila mahali. Mitandao ilianza kuingiliana mwaka 2014, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016.

Mwaka 2017 kijana wa Dar es Salaam, Bw. Benjamin Fernandes, ambaye katika ujana wake alijulikana kama mtangazaji wa michezo katika televisheni, alianzisha kampuni ya NALA baada ya kumaliza masomo ya biashara katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Programu yake ya kwanza iliweka huduma za fedha za mitandao mbalimbali mahali pamoja na ilifanya kazi bila intaneti. Mwaka 2018 ilishinda shindano la benki ya Ecobank kwa kampuni changa za teknolojia ya fedha, na mwaka 2019 kampuni ilipokewa na Y Combinator, taasisi ya Marekani inayolea kampuni changa kwa kuzipa mtaji na ushauri.

Kwa kijana wa miaka 20 na ushee hayo yalikuwa mafanikio ya kumtosha kujivuna. Lakini mtu wa hesabu angeuliza swali la Bagamoyo: mteja alikuwa analipa nini ili kuepuka usumbufu ule? Kwa aliyezoea kubonyeza *150*00#, jibu lilikuwa sekunde chache tu. Usumbufu ulikuwapo, lakini haukuwa na bei. Kuwa na watu wanaoipenda programu si sawa na kuwa na watu wanaopata hasara bila hiyo, na kampuni nyingi changa zimezikwa katika tofauti hiyo zikiwa bado zinasifiwa.

Mwaka 2021 NALA iligeukia jambo jingine: kutuma fedha kutoka Uingereza kuja Afrika Mashariki, na baadaye kutoka Marekani. Hapa tatizo lilikuwa na bei inayojulikana. Takwimu za Benki ya Dunia kwa miaka kadhaa zimeonyesha kwamba kutuma dola 200 kuja Afrika kusini mwa Sahara hugharimu wastani wa takriban asilimia 8, yaani kama dola 16. Anayelipa dola hizo ni muuguzi wa Birmingham au dereva wa Minnesota anayemtumia mama fedha za paa la nyumba. Alikuwa analipa kabla ya NALA kuzaliwa. Wenye mitaji walielewa haraka. Kampuni ilipata dola milioni 10 Januari 2022 na dola milioni 40 Julai 2024.

Wengine watasema kijana alibadili nia. Ukweli ni kwamba nia ilibaki pale pale, yaani kumpunguzia mtu wa kawaida gharama ya kuhamisha fedha yake, na kilichobadilika ni tatizo. Mwanzilishi anayependa programu yake kuliko mteja wake asingeweza kuiweka kando baada ya kuipatia tuzo. Na mtihani haukuishia hapo. Biashara ya kutuma fedha kutoka ng'ambo hupata kipato chake kwa kiasi kikubwa katika tofauti ya viwango vya kubadilisha fedha, mahali ambapo mteja haoni kwa urahisi. Mwenye kampuni ya namna hiyo huamua kila asubuhi amkate mteja kiasi gani bila yeye kujua. Hisa za NALA haziuzwi katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, lakini swali hilo linamhusu pia wakala wa mtaani.

Karanga za Urambo

Upo mkasa mwingine katika mkoa huo huo wa Tabora, wa mtaji usiokauka uliotafutiwa tatizo lisilokuwa la wenyeji. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 mkuu wa United Africa Company, Frank Samuel, alipendekeza karanga zilimwe Tanganyika kwa mashine, na mwaka 1947 kazi ikaanza. Lengo lilikuwa zaidi ya ekari milioni 3. Maeneo 3 yalichaguliwa: Kongwa, Nachingwea na Urambo, yalipokuwa makao ya Mtemi Mirambo, yule aliyeifunga njia ya misafara mwaka 1871.

Yaliyofuata yanajulikana. Matrekta yalivunjikia kwenye visiki, udongo wa Kongwa uligeuka saruji wakati wa kiangazi, na Januari 1951 serikali ya Uingereza ililiacha shamba hilo kama lilivyopangwa, ikafuta hasara ya pauni milioni 36 hivi. Wengi husema kosa lilikuwa kutopima mvua. Hilo ni kweli, lakini lilitanguliwa na jingine. Mwenye tatizo alikuwa London na mwenye ardhi alikuwa Urambo, na hakuna aliyemuuliza wa pili analipia nini. Hata mitambo ilichaguliwa kwa kuwa ilikuwapo, mingine ikiwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta. Vijana wanaokuja leo na akili bandia wakitafuta kazi ya kuipa wana mababu zao pale.

Urambo haikufa. Tumbaku ilishika nafasi ya karanga, na hadi leo ndiyo inayoleta fedha katika wilaya hiyo. Nayo ina maswali yake.

Daftari la Tabora

Mkulima wa tumbaku huchukua pembejeo kwa mkopo kupitia chama cha msingi, huvuna, hukausha, hupeleka sokoni, kisha hungoja malipo. Katika kungoja huko ada ya shule haingoji. Hapo pana tatizo la kweli na watu wako tayari kulilipia, hata kwa riba ambazo mitaani zimepewa jina la kausha damu. Teknolojia imeligundua tatizo hilo. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya simu zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni na kuzipiga marufuku. Malalamiko ya wakopaji yalikuwa juu ya riba, na juu ya aibu ya ndugu, jirani na mwajiri kutumiwa ujumbe kwamba fulani hajalipa. Mwandishi wa programu ya kuchukua majina yote katika simu ya mkopaji alijua inachukua nini. Kwa kipimo cha faida peke yake, biashara ile ilikuwa safi.

Basi mwekezaji anapoletewa programu ya mikopo kwa wakulima, asiulize riba tu. Aulize deni lisipolipwa kijana atafanya nini, na atake jibu hilo kwa maandishi. Kitu ambacho mwanzilishi anakataa kuuza, hata kama wanunuzi wapo, hueleza zaidi juu yake kuliko hotuba yake kuhusu kuwasaidia wanyonge.

Asali ni habari nyingine, na pengine nzuri zaidi. Misitu ya miombo ya Tabora imetoa asali na nta tangu zamani, na ushirika wa wafuga nyuki wa mkoa huo ni wa miaka ya 1960. Mawazo yanayoletwa na vijana hufanana: programu ya kumuunganisha mfuga nyuki na mnunuzi. Lakini wawili hao wanafahamiana. Mnunuzi huja na ndoo zake kila msimu hadi Sikonge. Anapopoteza fedha ni kwingine. Asali yenye maji yaliyozidi asilimia 20 huweza kuchachuka ghalani, na iliyoshika moshi hukataliwa na wanunuzi wa nje. Kwa kuwa ndoo ikifunikwa haionyeshi kilichomo, mnunuzi hujilinda kwa kushusha bei ya ndoo zote, nzuri na mbaya. Mfuga nyuki mwangalifu ndiye anayelipia uchafu wa jirani yake. Kijana atakayekwenda ghalani na kifaa kidogo cha kupimia maji ya asali, akaandika matokeo ya kila ndoo kwa jina la aliyeileta, na kumfanya mnunuzi alipe tofauti, atakuwa ameigusa fedha ambayo tayari inapotea. Simu itamsaidia kutunza kumbukumbu, nayo ndiyo kazi yake ya haki. Kabla ya kumpa hata shilingi, mwulize mnunuzi mmoja wa jumla alikataa ndoo ngapi msimu uliopita na alizifanyia nini.

Kuna swali la mwisho ambalo wapagazi wenyewe wangelipenda: tatizo litaishi muda gani? Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kazi ya kubeba frasila 2 kwenda pwani ikakosa mteja katika njia hiyo. Sewa Haji hakuishi kuiona siku hiyo, ila waliorithi biashara za misafara waliiona. Sasa reli ya kisasa, ambayo treni zake za abiria zilianza kwenda Dodoma mwaka 2024, imepangwa kufika Tabora kutoka Makutupora, kilomita 368, kwa mkataba uliotiwa saini mwaka 2021. Mikataba ya Tabora hadi Isaka, kilomita 165, na Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ilifuata mwaka 2022. Programu ya kuwatafutia malori mizigo ya kurudi nayo pwani ina wateja leo, maana lori linalorudi tupu linakula dizeli ya mwenyewe. Anayetaka kuweka fedha humo, au anayechukua mkopo wa lori wa miaka 5, aanze kwa kuuliza stesheni ni mizigo ipi itahamia kwenye mabehewa na ni ipi itakayobaki kuhitaji lori kutoka stesheni hadi Sikonge, Urambo na Kaliua.